Birika Lililozinywesha Nyanya Maradhi

Nyanya inapooza baada ya kuchumwa, lawama aghalabu humwangukia mkulima au mchukuzi. Ilhali katika nyumba za kufungashia za Florida, nchini Marekani, uchunguzi ulidhihirisha kwamba lile birika la maji lililowekwa kwa ajili ya kuzisafisha lingeweza kuwa ndilo mlango wa maradhi. Desturi ya huko ni kuzichuma zikiwa zimekomaa lakini bado kijani, kuzimimina majini ili zisipondeke, kisha kuziacha zielee hadi kwenye mikanda ya kuchambulia. Na tajiri aliyeziona zikitoka safi, ziking'ara, hakuwa na sababu ya kushuku kwamba baadhi yake zimekwisha kubeba ndani mwao adui atakayejitokeza siku chache baadaye, sandukuni, mbali na macho yake.

Mwaka 1981 Bartz na Showalter, wa Chuo Kikuu cha Florida, walichapisha majaribio yao yaliyoeleza namna adui huyo anavyoingia. Ngozi ya nyanya ina nta, wala haina vile vitundu vya kupumulia tuvionavyo katika majani, kwa hiyo hewa ya tunda hupita karibu yote katika kovu linalobaki kikonyo kinapong'oka. Tunda lililochumwa adhuhuri hufika birikani likiwa na harara ya jua mwilini. Likizama katika maji yaliyo baridi kuliko lenyewe, hewa iliyomo ndani hupoa na kunywea, na upungufu huo huyavuta maji kupitia kovuni pamoja na kila kilichomo majini. Hata pasipo tofauti ya joto, tunda likizamishwa kina kirefu au likicheleweshwa humo, uzito wa maji wenyewe huyasukuma ndani.

Na kilichomo si vumbi tu. Humo hupatikana bakteria wa uozo laini, waliojulikana zamani kwa jina la Erwinia carotovora na sasa Pectobacterium carotovorum, ambao hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha pektini, yaani gundi inayozishikamanisha seli za tunda. Ikisha kuyeyuka, nyama yote hulegea ikawa ute wenye uvundo, nao ute huo hudondokea nyanya zilizo chini.

Tadbiri iliyofuatwa ilikuwa kinyume cha mazoea: maji yakapashwa moto, yakazidi joto la nyama ya nyanya kwa nyuzi 5.5 hivi za Sentigredi, na tunda likaruhusiwa kukaa humo kwa dakika 2 tu, tena nyanya zisirundikane. Pamoja na hayo ikatiwa klorini, sehemu 150 hadi 200 katika milioni, huku pH ikichungwa kati ya 6.5 na 7.5, kwa kuwa ikipanda klorini hupungukiwa na nguvu, na ikishuka hutoroka hewani na kuwachoma wafanyakazi macho. Klorini ndiyo iliyopata sifa nyingi, nami naona imezidishiwa, maana huua waliomo majini tu, haiwafikii walio ndani ya tunda. Fauka ya hayo, udongo na majani huimaliza upesi, hata birika likabaki na harufu bila dawa. Yule aliyepasha maji alizuia. Mwenye klorini peke yake anakimbizana na jambo lililokwisha kutokea.

Wengine hudhani baridi itawaokoa. Nyanya ya kijani ikiwekwa siku kadhaa chini ya nyuzi 12 au 13 hudhoofika, kisha kuvu wa Alternaria huishambulia kwa madoa meusi. Tango nalo huumia chini ya nyuzi 10, ilhali letusi hutaka karibu na 0. Mwenye chumba kimoja cha baridi kwa saladi yote hana budi kuchagua ni ipi ataiharibu.

Kwetu, ambako nyanya husafiri kwa tenga na birika la kupasha ni nadra, njia iliyo rahisi ni kutozirowesha kabisa kabla ya soko: zichumwe asubuhi umande ukisha kukauka, zipoe kivulini, zifutwe kwa kitambaa kikavu, na zilizopasuka ziondolewe kabla tenga halijajaa, kwani kuvu wa Rhizopus akiipata moja huzitambaza nyuzi zake hadi kwa jirani zilizo nzima. Kuziosha kungojee jikoni, kisu cha kachumbari kikiwa tayari.