Kuhama, Kuambata na Kutambaa: Juu ya Lugha ya Uponaji wa Jeraha

Neno seli shina limekwisha kukubalika katika Kiswahili cha tiba, wala sina ugomvi nalo. Shina ndilo litoalo matawi, na seli hizi ndizo zizaazo seli za aina nyingine. Ugomvi wangu ni juu ya vitenzi vinavyolifuata. Twaambiwa kwamba mtu ajeruhiwapo, seli shina "huhama" kwenda penye jeraha na "kulijaza". Vitenzi hivi viwili vyapotosha, na upotofu wake hauwadhuru wanaisimu peke yao.

Nilipozuru mkoa wa Mara niliisoma sentensi hiyo mbele ya wasikilizaji wachache. Huko Bunda, mji ulio jirani na Serengeti, mwalimu mmoja wa biolojia alicheka, akauliza kama seli nazo hurudi mvua zinyeshapo. Kwa watu wa huko kuhama ni kazi ya nyumbu: kundi zima hung'oka, hufuata majani, kisha hurejea. Mwendo wa seli ni mwingine kabisa. Baina ya seli na seli mna ute na nyuzi za protini: kolajeni iupayo mwili nguvu, laminini iliyotandikwa chini ya tabaka la juu la ngozi, na fibronekitini, ambayo jina lake la Kilatini lachanganya uzi na kufunga. Seli huzishika nyuzi hizo kwa vishikio vyake viitwavyo integrini; hushika mbele, hujivuta, huachia nyuma. Mwaka 1984 Pierschbacher na Ruoslahti walionyesha kwamba kiini cha mahali pashikwapo katika fibronekitini ni amino asidi tatu tu zifuatanazo. Seli nyingi huelekea palipo na mashiko mengi zaidi, na hata palipo pagumu zaidi. Njia yenyewe, basi, ndiyo iongozayo.

Wako watakaopendekeza kuambata. Lakini kilichoambata hakiendi, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 1997 yalithibitisha kwamba mwendo wa seli huwa wa kasi zaidi mshiko uwapo wa kadiri. Ukizidi, seli hunasa. Kuambaa nako hakufai, kwani chombo kiambaacho pwani hakiigusi. Kitenzi kifaacho tunacho tangu zamani, nacho ni kutambaa. Mtoto hutambaa, mboga ya maboga hutambaa, na vyote viwili hushika ndipo vikaendelea.

Kuhusu kujaza, alinisahihisha mzee mvuvi wa Musoma aliyekuwa akishona nyavu ufukoni. "Mwanangu," alisema, "tundu la wavu halijazwi kitu. Hushonwa kwa kufuata macho yaliyobaki." Kisha akakata nyuzi mbovu kabla ya kupiga fundo jipya. Sijui kitabu kielezacho jambo hili vizuri zaidi. Jeraha nalo, damu ikiisha kuganda, hupata daraja la muda la fibrini na fibronekitini. Seli hutambaa juu yake, na vimeng'enya hukata nyuzi za zamani ili njia ipatikane. Mwaka 2005 ilionyeshwa katika panya kwamba seli shina za vinyweleo hupanda kusaidia kufunika jeraha, ingawa siku za kawaida haziitunzi ngozi hiyo. Anayebandua kigaga kila asubuhi ili "jeraha lipumue" hubomoa daraja hilo.

Msomaji atauliza kwa nini nashikilia kitenzi kimoja. Wapo wachuuzi wa vidonge na sindano ziitwazo za seli shina, na ahadi yao yote imesimama juu ya kuhama na kujaza: tia seli mwilini, zitakwenda zenyewe na kuziba pengo. Mgonjwa aliyefundishwa kwamba seli hutambaa juu ya nyuzi atauliza nyuzi ziko wapi.

Istilahi iliyokwisha kuchapishwa si msahafu. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imesahihishwa, hata jina lenyewe likaandikwa kwa matamshi yetu: Juliasi Kaizari. Napendekeza basi: seli shina hutambaa juu ya kiunzi cha protini hadi penye jeraha. Kiunzi chanitia shaka kidogo, kwa kuwa kiunzi cha jahazi hakibadiliki chini ya miguu ya mabaharia, hali hiki hukatwa na kufumwa upya kila siku. Wasikilizaji wangu wa Butiama walipendelea wavu. Nami nasita, kwani wavu hunasa.