Hongereni, Mnaopokea Waliokosa Usingizi

Hospitali ya Bugando iko juu ya kilima jijini Mwanza tangu 1971, na wagonjwa huja kutoka Kanda ya Ziwa nzima. Mgeni anayesumbuliwa na matatizo ya usingizi hajui aanzie dirisha gani. Pongezi zangu ni kwa muuguzi au mgonjwa mzoefu anayemwambia: "Karibu, baba, kaa hapa." Kisha humwelekeza: andika saa unazolala na kuamka; njoo na mkeo, maana mkoromaji hajisikii, wala hajui pumzi inapokatika; usijinunulie vidonge vya usingizi. Mvuvi wa dagaa, anayekesha na taa ziwani usiku wa giza, aulizwe kwanza kazi yake, maana huenda ndiyo inayomnyima usingizi. Maelekezo hayo nayo ni tiba. Hongereni sana!