Kiambishi Kisimezwe na Ala: Opera ya Kiswahili Chuo Kikuu na Funzo la Ipenenga ya Kyela

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna opera inavyoimbwa kwa Kiswahili katika matamasha ya idara za muziki za vyuo vikuu vyetu. Hoja yake kuu ni kwamba ugumu wa opera ya Kiswahili hautokani kwanza na uhaba wa okestra wala wa sauti zilizofunzwa. Unatokana na umbo la kitenzi. Taarifa inayobeba mgogoro wa kidrama hukaa katika silabi za mwanzo zisizo na mkazo, ilhali lahani hujikusanya kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa kurejelea ngoma ya ipenenga ya Kyela, makala inapendekeza kanuni moja ya utunzi, ya upangaji wa msimu na ya uhakiki: neno lisikike kwanza, ala zijibu baadaye.

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala hii alihudhuria tamasha la kufunga mwaka wa masomo katika chuo kikuu kimoja. Ratiba iliyogawiwa mlangoni ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa nyimbo teule za opera za Kiitalia, kila moja ikiwa na jina la mtunzi na mwaka wa utunzi. Ya tatu ilikuwa onesho fupi la opera lililotafsiriwa kwa Kiswahili. Katikati, kwa dakika saba, wanafunzi walicheza ngoma ya Kyela. Ngoma hiyo haikutajiwa mtunzi, wala kiongozi wa wimbo, wala lugha yake. Ratiba iliiita “burudani”.

Katika sehemu ya tatu palikuwa na tukio ambalo hatima ya onesho zima iliegemea juu yake. Mke anamgeukia mumewe na kumpa jibu alilolisubiri tangu mwanzo. Mwimbaji alikuwa na sauti nzuri, na noti yake ya juu ilijaza ukumbi. Alipomaliza, mama mmoja aliyeketi kando yangu aliniinamia na kuuliza: “Samahani mwalimu, kamsamehe au hajamsamehe?” Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nimesikia *-kusamehe*. Kama mbele yake palikuwa na *nime-* au *sija-*, ala zilikuwa zimekwisha kupameza.

Swali la mama yule ndilo swali la makala hii. Ni swali la kiisimu kabla halijawa la kimuziki, na naona linastahili kuulizwa kila idara ya muziki inapotangaza msimu mpya wenye opera ndani yake.

2. Tamthiliya ya kuimbwa si mgeni

Mjadala wa opera katika Afrika Mashariki mara nyingi huanza kwa kudhani kwamba sanaa hii ni kitu kigeni kinachohitaji kuzoeshwa. Jina ni geni, lakini kitendo chenyewe, yaani kusukuma mbele mgogoro wa watu kwa kuimba, si kigeni. Nchini Uganda, Byron Kawadwa na mtunzi Wassanyi Serukenya walitoa *Oluyimba lwa Wankoko* mwaka 1971, mchezo wa Kiganda ambao wimbo ni uti wake wa mgongo. Nchini Kenya, mazoezi ya *Maitũ Njugĩra* ya Ngũgĩ wa Thiong’o yalihamia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1982, baada ya milango ya ukumbi wa taifa kufungwa. Katika tamthiliya ya Kiswahili, Ebrahim Hussein aliandika *Ngao ya Jadi* na *Jogoo Kijijini* (1976) kwa ajili ya fanani mmoja anayeghani, na Emmanuel Mbogo aliufanya wimbo na ngoma kuwa sehemu ya tendo lenyewe katika *Ngoma ya Ng’wanamalundi* (1988). Ngonjera, ambayo Mathias Mnyampala aliieneza kwa vitabu vyake vya *Ngonjera za UKUTA*, ni majibizano yenye vina yaliyokusudiwa kutolewa kwa sauti mbele ya watu.

Tunayo pia istilahi ambayo walimu wa opera huitafuta mbali. Uimbaji unaokaribia usemi, ule unaopeleka habari mbele kati ya wimbo mmoja na mwingine, Mswahili anaujua kwa jina la *kughani*. Lugha yetu inatenganisha kusema, kughani na kuimba, na kila kitendo kina nafasi yake. Ajabu ni kwamba katika matamasha ya vyuo vikuu niliyoyashuhudia, kughani ndiko kunakokosekana kuliko vyote. Tafsiri za opera huruka kutoka kusema hadi kuimba kwa nguvu zote, na habari hupotea njiani.

3. Kitenzi dhidi ya lahani

Mkazo wa neno la Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kutokana na ukweli huu wahakiki wengi wamejenga kanuni rahisi: pigo zito la muziki likutane na silabi yenye mkazo. Kwa kanuni hiyo, kosa kubwa la tenzi za kanisani zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza ni mistari inayokoma kwenye pigo zito. Katika lugha za asili neno la mwisho linaweza kuwa na silabi moja yenye mkazo. Katika Kiswahili pigo hilo huangukia silabi ya mwisho ya neno, ambayo kwa kawaida ni dhaifu.

Kanuni hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Ushairi wetu wa kimapokeo unaihoji. Mizani ya utenzi ni hesabu ya silabi, si mpangilio wa mikazo, na kina hukaa kwenye silabi ya mwisho isiyo na mkazo. Mghani anaweza kuivuta silabi hiyo kwa muda mrefu bila msikilizaji kupoteza maana. Kwa hiyo kuvunja mkazo peke yake si dhambi ya kimuziki.

Tatizo kubwa zaidi liko upande wa pili wa neno. Tuchukue vitenzi *nimekusamehe* na *sijakusamehe*. Vyote vina silabi sita, vyote vina mkazo kwenye *-me-* ya *samehe*, na vyote vinaishia kwa sauti zilezile. Kinachovitenga ni silabi mbili za mwanzo. Hali ni hiyo hiyo kwa *nilikupenda*, *ninakupenda* na *nitakupenda*, ambapo silabi ya pili pekee ndiyo inayotofautisha kumbukumbu, ungamo na ahadi. Katika *alimwita* na *alikuita*, kiambishi cha yambwa ndicho kinachoamua ni nani aliyeitwa. Nafsi, ukanushi, wakati na mtendwa, yaani mambo ambayo mgogoro wa drama huyaegemea, yamerundikana mbele ya mzizi, katika silabi ambazo usemi wa kawaida huzipitia upesi.

Mtunzi aliyefunzwa kutafuta kilele cha neno atapanda kuelekea *-me-* ya *samehe* na kuzitumia silabi za mbele kama ngazi. Atazipa noti fupi, atazianzisha juu ya pigo dhaifu, na mara nyingi ataingiza ala pale pale ili kuandaa kilele. Matokeo yake ni wimbo mtamu usiojulikana umesema nini. Mwimbaji hawezi kuliponya kosa hili kwa kutamka vizuri zaidi, kwa sababu liko kwenye karatasi ya noti.

Urefu wa kitenzi unaongeza hatari nyingine. Neno kama *hatukuwasikiliza* lina silabi nane na ni sentensi kamili. Pumzi ikikatwa katikati yake, msikilizaji hubaki na vipande viwili visivyo na maana. Waliotafsiri tamthiliya kwa ajili ya kusemwa, kama Julius Nyerere katika *Juliasi Kaizari* (1969), walikabiliana na urefu huu kwa kuupanga mstari upya. Mtafsiri wa opera hana uhuru huo, kwa kuwa idadi ya noti imekwisha kuamuliwa na mtu ambaye hakuijua lugha hii.

4. Funzo la ipenenga

Turudi kwenye zile dakika saba za “burudani”. Ipenenga inayochezwa Kyela, kwenye tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ni ndugu wa malipenga ya upande wa Malawi na mganda wa mwambao wa mashariki wa ziwa. Wachezaji hupanga mistari, huvaa sare, hutembea kwa nidhamu inayokumbusha gwaride, na hupuliza vibuyu ambavyo sauti ya mwimbaji hupita ndani yake ikatoka imebadilika, nzito na yenye mtetemo. Ranger (1975), katika utafiti wake wa ngoma za beni, alionesha kwamba ngoma za ukoo huu hazikuwa uigaji mtupu wa bendi za Wazungu. Zilikuwa njia ya kupanga uongozi, ushindani na kusaidiana. Ni sanaa iliyopokea umbo la nje na kulitawala, jambo ambalo opera ya Kiswahili bado inalitafuta.

Kinachonihusu hapa ni mpangilio wa sauti. Kibuyu hakiwezi kutamka kiambishi. Kinabeba lahani, kinabeba mapigo, lakini konsonanti humezwa ndani yake. Wachezaji wanalijua hilo. Kwa jinsi nilivyoisikia mara nyingi, kiongozi huutoa kwanza wimbo kwa sauti tupu, ngoma ikiwa chini au kimya. Kundi huupokea. Maneno yakishakaa masikioni mwa watu ndipo vibuyu huingia na kuirudia lahani ile ile, na kuanzia hapo kila mmoja uwanjani huyasikia maneno ndani ya mlio usio na maneno. Ala haishindani na neno. Inalikumbusha.

Mpangilio huu si wa Kyela peke yake. Katika taarabu, ala hupewa nafasi yao katika vituo vya baina ya mistari, na mwimbaji akirudi hurudi juu ya uwanja uliopunguzwa kelele. Lakini Kyela inatupa mfano ulio wazi zaidi, kwa sababu ala yenyewe ni sauti ya binadamu iliyofichwa.

Kuna jambo jingine la kiisimu. Kinyakyusa kina irabu saba na hutofautisha maana kwa urefu wa irabu, tofauti na Kiswahili chenye irabu tano. Mwanafunzi aliyekulia Ipinda au Matema anafika chuoni akiwa na sikio lililozoea kwamba muda wa silabi ni maana, na kwamba kuvuta irabu ovyo ni kusema neno jingine. Hiyo ni stadi adimu kwa mwimbaji wa opera. Inasikitisha kwamba mtaala unaomtahini kwa matamshi ya Kiitalia haumwulizi kamwe juu ya stadi hiyo.

5. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba maneno yanaweza kuoneshwa kwa maandishi juu ya jukwaa, kama inavyofanyika katika kumbi nyingi za opera duniani. Maandishi hayo yanafaa pale hadhira isipoijua lugha inayoimbwa. Kuyahitaji ili Mswahili aelewe Kiswahili ni kukiri kwamba utunzi umeshindwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, hoja hii haiwaalike watunzi kuvuna ngoma za Kyela na kuzipeleka jukwaani kiholela? Swali hili lina historia ndefu katika eneo hili. Busse Berger (2020) anaonesha jinsi wamisionari Wamoravian wa kusini-magharibi mwa Tanzania, miongoni mwao Traugott Bachmann na Franz Rietzsch, walivyohangaika na suala la muziki upi unafaa kuingia kanisani. Vilevile, Godfrey Wilson (1939) alieleza ngoma ya msiba ya Wanyakyusa, wanaume wakicheza kwa mikuki huku wanawake wakilia. Mtazamaji wa haraka angeweza kuiita opera kamili, kwa kuwa ina kwaya, sauti za pekee na mwendo kutoka majonzi hadi uhai. Mimi siiiti hivyo, na sipendekezi ipelekwe ukumbini. Msiba una wenyewe. Ninachopendekeza kuazimwa kutoka ipenenga ni kanuni ya mpangilio. Kanuni inaweza kusafiri bila kumnyang’anya mtu kitu, ilimradi aliyeifundisha atajwe kwa jina kwenye ratiba, kama anavyotajwa mtunzi wa Kiitalia.

6. Hitimisho

Vyuo vyetu havianzii sifuri. Makumira, ambako mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi, aliandika “Mfurahini, Haleluya” kwa lahani ya Kihaya, leo panafundishwa shahada ya muziki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina muziki na taaluma za Kiswahili katika kampasi moja. Kinachokosekana ni mazungumzo kati ya vyumba hivyo viwili.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, kila matini ya opera ya Kiswahili ipitiwe na mwanaisimu kabla noti hazijafungwa, naye aweke alama kwenye viambishi ambavyo tukio linavitegemea. Pili, mtunzi azipe silabi hizo nafasi tupu: ala zinyamaze au zishuke, mwimbaji aghani, kisha okestra iichukue lahani na kuitanua kadiri ipendavyo. Tatu, msimu wa matamasha uache kuiweka ngoma katikati kama mapumziko ya masikio. Iwekwe mwanzo, ichezwe kwa urefu wake, na mwongozaji wa opera awe miongoni mwa wasikilizaji.

Kwa wahakiki wenzangu, kipimo ni chepesi. Onesho likiisha, muulize aliyeketi jirani yako kama mke yule amesamehe au hajasamehe. Asipojua, tusisifu noti ya juu.