Duka la Mwenye Mti

Machungwa ya Muheza yanajulikana Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, lakini walioyalima hawajulikani. Mnunuzi hufika shambani miti ingali na maua au vichungwa vichanga, akapita katikati ya mistari, akakadiria kwa jicho, akataja bei ya shamba zima. Wakishapatana, tunda si la mwenye shamba tena. Siku ya kuchuma vijana watakuja na fuso, watapakia mpaka jioni, na mzigo utaondoka kwa barabara ya Segera au ya Tanga. Mwenye mti atabaki na fedha, kama hazijakwisha, na hatasikia kamwe kama chungwa lake lilikuwa tamu. Wengi wanaoulalamikia mpango huu hulalamikia bei, na wana haki. Mimi naona kuna hasara nyingine iliyo kubwa zaidi: ufundi wa mkulima unakatwa katikati. Kwa hiyo nataka kuisifu kazi ya familia inayoweka meza, mizani na kibao kando ya shamba lake, ikauza yenyewe ilichokipanda. Duka la namna hiyo ni sehemu ya kilimo chenyewe, tena sehemu ngumu, na linastahili heshima ile ile tunayompa mpogoaji hodari au mtu mwenye mkono mzuri wa kubebesha miche.

Tazama kwanza namna ya kuchuma. Mchumaji anayelipwa kwa idadi ya matunda ana kila sababu ya kuvuta na kutikisa. Chungwa likivutwa, kikonyo hung'oka na kuacha kidonda kidogo kichwani pa tunda, na hapo ndipo unapoingia ukungu wa kijani ambao mchuuzi wa sokoni huukuta chini ya tenga siku chache baadaye. Anayechuma kwa ajili ya meza yake mwenyewe hushika mkasi, akakata karibu kabisa na tunda, kikonyo kisibaki kirefu kikatoboa ganda la tunda jirani. Wala hakurupuki alfajiri. Saa hizo ganda limejaa maji na vifuko vyake vya mafuta vimevimba. Tunda likibanwa lingali na umande, vifuko hupasuka, mafuta yakaunguza ganda na kuacha mabaka yanayojitokeza baadaye. Hungoja jua likaushe majani. Kwa embe mkono hubadilika. Dodo au boribo hukatwa na kikonyo kirefu, kisha kikonyo hicho hupunguzwa tunda likiwa limeinamishwa kichwa chini, utomvu udondoke ardhini bila kupita juu ya ganda, maana utomvu huo ni mkali na doa lake halitoki hata ulisugue. Hakuna siri katika haya. Wakulima wengi wanayajua tangu utotoni. Ila ujuzi huo haulipwi mahali ambapo mzigo hununuliwa kwa shamba zima, kwa sababu gharama ya kidonda na ya doa inamwangukia mlaji, mamia ya kilomita kutoka kwenye mti. Meza ya dukani ndiyo inayorudisha gharama hiyo kwa mkono uliosababisha, na pia faida kwa mkono uliojihadhari.

Kisha kuna kazi ya kueleza, ambayo hakuna awezaye kuifanya vizuri kuliko mwenye mti. Chungwa la ukanda wa pwani huweza kuwa limeiva kabisa, limejaa maji matamu, na ganda lake likabaki kijani. Rangi ya machungwa tunayoiona kwenye picha huletwa na usiku wa baridi, unaoua ukijani wa ganda, na Muheza haina baridi ya kutosha kufanya hivyo. Mteja asiyejua hilo huliruka tunda bora akachagua la njano, ambalo pengine limekaa sana. Vilevile, chungwa haliendelei kuiva likishachumwa: lililokatwa bichi litabaki chachu mpaka linyauke. Embe hufuata njia nyingine. Likikomaa mtini, mashavu yakajaa na mabega yakainuka kupita mahali kikonyo kilipoota, unaweza kulichuma gumu kama jiwe nalo litaiva ndani ya nyumba kwa wakati wake. Muuzaji aliyelifuatilia tunda tangu ua anaweza kukupangia: haya ya leo, haya ya keshokutwa, haya usiyaguse mpaka Jumamosi wageni watakapofika. Huo ni ustadi mkubwa, na mlaji hawezi kuupata kwa mtu aliyepokea gunia usiku na hajui lilitoka kata gani. Ndiyo maana soko lenye haraka huangukia kwenye kabaidi. Maji yakiigusa hutoa gesi inayolazimisha embe kugeuka rangi upesi, lakini kabaidi ya viwandani huweza kubeba mabaki ya aseniki na fosforasi, na ndani ya embe lililoivishwa hivyo mara nyingi utakuta nyama ngumu isiyo na ladha. Familia inayouza mlangoni pake haina haja ya haraka hiyo. Huvundika taratibu, kwenye kreti iliyofunikwa, pamoja na ndizi mbivu ambazo gesi yake ya asili husukuma embe kuiva, na huyabakiza mabichi kwa siku zijazo.

Atasimama mtu aseme: mkulima alime, mfanyabiashara auze. Neno hilo lina uzito, na simdharau mchuuzi hata kidogo. Yeye hubeba hatari ambayo mkulima haioni: mvua ikiharibu maua, fuso likikwama, soko likifurika siku ile ile aliyofika, hasara ni yake. Tena huleta fedha taslimu wakati wa shida. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Anayeuza chungwa likiwa ua ameuza tunda, na ndani ya mauzo hayo amekopa. Pengo kati ya bei ya ua na bei ya tunda bivu ni riba ya mkopo huo pamoja na malipo ya hatari aliyoihamisha. Ada ya shule hailipwi kwa ahadi, kwa hiyo hatuwezi kumlaumu. Lakini fedha hizo huja kwa mkupuo mmoja, zikaondoka kwa mkupuo, na mwaka unaofuata familia inarudi pale pale kwenye maua. Fedha ya dukani ni ndogo na hutiririka. Leo debe mbili, kesho moja, Jumapili tano. Haitajenga nyumba kwa msimu mmoja, ila huondoa ulazima wa kukopa kwa mti, na mkulima asiyelazimika kukopa anaweza kumngoja mchuuzi yule yule hadi tunda liive, wakapatana bei wote wawili wakiona wanachokipatania. Ndiyo maana sioni kuwa duka ni vita dhidi ya dalali. Familia yenye miti mamia kadhaa haitauza yote kando ya barabara. Ikiuza sehemu ndogo tu kwa mkono wake, imeshajua bei ya kweli ya ile kubwa iliyobaki.

Pingamizi la pili ni la kuoza, na wanaolitoa huzungumza kama watu waliowahi kuumia. Tunda halisubiri. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 14 ya chakula cha dunia hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufikia maduka ya rejareja, na matunda na mboga ni miongoni mwa vinavyopotea zaidi. Lakini sehemu ya hesabu hiyo inahusu safari: kupakia, kurushwa kwenye mabati, joto la turubai, kushushwa, kupangwa upya. Duka la shambani limeifuta sehemu kubwa ya safari hiyo. Isitoshe, mchungwa una tabia moja ya kushukuriwa. Valencia likishaiva huweza kuning'inia mtini kwa majuma mengi bila kuharibika, kwa hiyo mti wenyewe ni ghala lisilohitaji umeme, na mwenye duka huchuma asubuhi kile atakachouza hadi jioni. Wenye fuso hawana nafasi hiyo. Wao lazima wamalize shamba kwa siku moja au mbili. Niongeze haraka kwamba ghala hili lina kodi yake: matunda yakicheleweshwa mno, mti huchoka na kuzaa kidogo msimu unaofuata, na hapo mkulima anapaswa kuamua mistari gani aivute na ipi aipumzishe. Maamuzi ya namna hiyo ndiyo ninayoyaita ufundi.

Kinachobaki mezani nacho kina daraja zake. Lenye kovu la tawi lakini zima ndani huwa juisi ya siku hiyo. Embe lililolainika upande mmoja hukatwa vipande vikaanikwa kwenye kikaushio cha jua, likauzwa miezi ambayo miembe haina kitu. Ganda la chungwa huingia kwenye mamaledi. Hapa familia nyingi hukwama, maana kuuza kilicho kwenye chupa kunahitaji usafi unaothibitika, lebo, na alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na si kazi ya kubahatisha jikoni. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ndiyo mlango ambao wengi hupitia kujifunza hayo. Na yale yaliyooza kabisa? Mwenye duka huyaokota kila siku, akayazika kwenye shimo refu au akayafunga kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani, ili funza wa nzi wa matunda wafe kabla hawajageuka nzi. Nzi huyo mvamizi kutoka Asia, aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na kuenea Afrika Mashariki upesi, huishi kwa matunda yaliyoachwa chini. Anayeuza shamba zima huona yaliyoanguka si yake. Anayeuza mwenyewe anajua kila embe lililotelekezwa leo litamletea mteja mwenye malalamiko baada ya majuma machache.

Kuhusu mahali, nakubali bila kubishana. Shamba lililo ndani, kilomita nyingi kutoka lami, haliwezi kuishi kwa wapita njia. Kwa wenye mashamba hayo kiwanda ni msaada zaidi, na Kaunti ya Makueni nchini Kenya ilionyesha njia ilipojenga kiwanda chake cha kusindika maembe kule Kalamba: rojo la embe halijali umbo la tunda wala doa la ganda. Hata hivyo nisingependa umbali ukubaliwe upesi kama sababu ya mwisho. Lushoto iko juu milimani, barabara ya kutoka Mombo inapinda na kupanda, na bado watu hufunga safari hadi shamba la Irente, la kanisa la Kilutheri, kununua jibini, mkate na jemu vinavyotengenezwa hapo hapo. Wengine huenda Sakharani kwa Wabenedikto kutafuta makadamia na mvinyo. Hizo si familia, zina mtaji na historia ambavyo mkulima wa ekari tatu hana. Ninachokiona kwao ni kimoja tu, kwamba mlaji wa kwetu yuko tayari kupanda mlima akiwa na hakika ya atakachokikuta.

Ugumu ambao sioni ukizungumzwa vya kutosha uko ndani ya nyumba yenyewe. Duka la familia hufa kwa mkono unaochomoa noti kwenye droo bila kuandika, kwa shemeji anayechukua tenga kwa ahadi, kwa kijana anayeshinda mezani msimu mzima bila ujira kwa sababu "ni mali yetu sote". Hufa pia pale baba anapokabidhiwa mauzo ya jioni na mama aliyeyatafuta tangu asubuhi, kisha mama akaombe fedha ya sabuni. Nasema haya kwa sababu kazi ya kuuza matunda kando ya barabara, kutoka Muheza hadi Mombo, imebebwa na wanawake kwa miaka mingi, nao ndio wenye ujuzi wa mteja ambao duka linauhitaji kuliko rangi ya kibao. Familia inayofaulu ni ile inayokubali kuandika: kilichochumwa, kilichouzwa, kilichokopeshwa, kilicholipwa kwa nani. Na inapima. Fungu la kukadiria lina uzuri wake, lakini mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo humwondolea mteja shaka, na katika nchi ambayo lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, imemdhulumu mkulima kwa miongo mingi, ni haki mkulima awe wa kwanza kupima sawasawa.

Wapo wanaouliza nini kitatokea kila shamba likifungua duka. Jibu liko barabarani tayari: wauzaji kumi wamepanga mafungu yale yale kwa bei ile ile, na mpita njia husimama popote gari linapoweza kuegeshwa. Familia yenye duka hutofautiana nao polepole, kwa kile inachokisikia. Mteja akirudi akasema yale ya juma lililopita yalikuwa matamu kupita haya, muuzaji anaweza kuuliza yalichumwa lini, akafungua daftari, akajua ni mstari wa karibu na kisima. Mwingine akilalamika kwamba mbegu zimezidi, naye huandikwa. Baada ya misimu kadhaa shamba ambalo lilikuwa ekari za machungwa linakuwa miti inayojulikana mmoja mmoja, na miezi ambayo meza hukaa tupu inajulikana pia, ikadai mapapai, pasheni au mastafeli ya kuijaza. Mchungwa wa kubebesha huchukua miaka mitatu hadi minne kuanza kuzaa. Familia itakapoandaa miche ya milimau kwa ajili ya eneo jipya, vijiti vya kubebeshea vitakatwa kwenye miti ya ule mstari wa karibu na kisima, kwa sababu waliokula matunda yake walirudi kusema.