Ritifaa Mpakani: Uhakiki wa Majaribio ya Programu Huria za Kuchora Grafu kwa Mtazamo wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna programu huria za kuchora grafu zinavyojaribiwa katika mifumo endeshi mbalimbali. Yanadai kwamba majaribio hayo hupima mchoro na kuiacha lugha, na kwamba upungufu huo hudhihirika pale Kiswahili kimoja kinapotumika pande mbili za mpaka.

Mji mmoja, mashine mbili

Busia ni mji mmoja kwa jina na miji miwili kwa sheria: mmoja wa Kenya, mwingine wa Uganda. Kaskazini yake, Wilaya ya Tororo inapakana na Kenya huko Malaba. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 ili bidhaa na watu wavuke bila kukaguliwa mara mbili. Takwimu nazo huvuka, ila kwa masharti mengine.

Chukulia jedwali la bei za ng'ombe lililoandaliwa kwa R katika kompyuta ya Windows upande wa Kenya, kisha likachorwa upya Tororo katika kompyuta ya Linux. Data ni zilezile na msimbo ni uleule. Programu ya kuandikia imekwisha kuigeuza ritifaa nyoofu kuwa iliyopinda, nayo ndiyo inayopendekezwa na Unicode, hivyo mwandishi hana kosa. Hata hivyo, kwa miaka mingi amri ya pdf() ya R ilitumia usimbaji tofauti katika mifumo hiyo miwili: ule wa Windows ulikuwa na alama hiyo, ule wa Linux, yaani Latin-1, haukuwa nayo. Grafu ya kwanza ilisomeka «ng’ombe», ya pili «ng...ombe», nukta tatu zikishika nafasi ya baiti tatu za alama moja. Onyo lilitolewa, lakini lilibaki kwenye skrini ya mchoraji. Kilichofika mezani kwa mshauri wa sera ni mchoro tu.

Ritifaa si pambo. Ndiyo inayotenganisha «ng'oa» na «ngoa», kitendo cha kuchomoa na hali ya wivu. Alama inayobeba maana ikipotea, hiyo ni hitilafu ya data, wala si dosari ya sura.

Jaribio linalofuta maandishi

Kwa nini hitilafu ya namna hii hudumu? Sehemu ya jibu imo katika mbinu za majaribio. Matplotlib, iliyoanzishwa na John D. Hunter na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2003, hulinganisha picha mpya na picha ya rejea, na tofauti ikizidi kiwango kilichowekwa, jaribio hufeli. Kwa kuwa herufi huchorwa kwa tofauti ndogondogo kutoka mashine moja hadi nyingine, waundaji waliweka chaguo la remove_text, linaloondoa vichwa na lebo za vipimo vya mihimili kabla ya ulinganisho. Kiufundi uamuzi huo una mantiki. Kiisimu, maana yake ni kwamba palipo na lugha ndipo panapofutwa ili jaribio lipite.

Pengo la pili limo chini ya programu zenyewe. Hazina ya CLDR ya Unicode inakitambua Kiswahili cha Uganda kwa msimbo sw_UG. Maktaba ya glibc, inayotegemewa na mifumo mingi ya Linux, imekuwa na sw_KE na sw_TZ. Kwa Uganda imekuwa na Kiganda, lg_UG, bila sw_UG. Mpangilio ukikosekana, Python hukataa na kutoa kosa. R huonya, kisha huendelea kwa mpangilio wa «C», ambao majina ya miezi ni ya Kiingereza. Hivyo mtafiti wa Tororo hulazimika kuiambia mashine kwamba yuko Kenya ndipo imwandikie «Machi» na «Agosti». Hali hii haiafikiani na Katiba ya Uganda, ambayo tangu marekebisho ya 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili.

Dhamana ya wanalugha

Haitakuwa haki kuwatwika waundaji lawama yote. Wengi wao hujitolea, na hawawezi kujaribu wasichokijua. Mlango wa kuripoti hitilafu u wazi, lakini wanalugha wamekuwa wakiupita tu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba wanaisimu na wahandisi wanaweza kuketi meza moja. Hata hivyo, kutafsiri menyu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha matokeo yanasomeka.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inaweza kuratibu faili moja fupi ya majaribio yenye ng' kwa ritifaa zote mbili, miezi kumi na miwili, shilingi ya Kenya yenye senti na ya Uganda isiyo na senti, kisha kuiwasilisha kwa waundaji. Programu itakayoichora faili hiyo sawasawa Busia na Tororo ndiyo itakayostahili kusemwa imejaribiwa kwa Kiswahili.