Kazi ya Kusimama Pembeni

Mkunga mzoefu anayemfundisha mwanafunzi kusikiliza moyo wa mtoto tumboni haanzi kwa kumkabidhi fetoskopu, pembe ndogo ya kusikilizia. Kwanza humtaka amsalimie mama, amweleze anachotaka kumfanyia na amwombe ruhusa. Amsaidie kulala vizuri, apashe viganja vyake joto, ndipo apapase tumbo. Kichwa kiko wapi? Mgongo uko wapi? Mwanafunzi akijibu upesi mno, mkunga hakubali wala hakatai, humwambia apapase tena. Mgongo ukishapatikana, ile pembe ndogo huwekwa upande huo, sikio hushuka juu yake, na mkono huondoka kwenye pembe kwa sababu vidole vikiishikilia huleta mchakacho unaofunika sauti. Lakini mkono haukai bure. Hushika kifundo cha mkono wa mama kutafuta mapigo yake yeye, maana mama mwenye homa au hofu moyo wake unaweza kwenda mbio hata msikilizaji akadhani anamsikia mtoto. Na hesabu ni ya dakika nzima tangu uchungu ulipoachia, si ya sekunde 15 zinazozidishwa mara nne, kwa kuwa moyo unaopunguza kasi baada ya uchungu unaweza kujificha ndani ya zile sekunde 45 zilizorukwa.

Karibu yote hayo yameandikwa vitabuni, pamoja na kipimo chake cha mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Kisichoandikwa ni anachofanya mkunga wakati mwanafunzi ameinamisha kichwa. Yeye mwenyewe ameshasikiliza, namba anayo, na anangoja. Wako wanaomwambia mwanafunzi agonge kwa kidole kila pigo analolisikia, ili mwalimu asiyeweza kuingia ndani ya sikio la mwenzake ayaone kwa macho yale ambayo sikio linayapokea. Kidole kikisita, mwalimu anajua kwamba sauti imepotea na kinachofuata ni kubahatisha. Hapo ndipo wengi wetu tungenyoosha mkono tukaisogeza pembe. Mwalimu hodari huiweka mikono yake nyuma. Humwacha mwanafunzi aipoteze sauti, aitafute, aipate kwa sikio lake mwenyewe, kwa sababu aliyesogezewa pembe leo ataitafuta peke yake mwezi ujao, zamu ya usiku, kwenye zahanati isiyo na mtu wa kumsogezea. Ila mwalimu huyohuyo, mtoto akizaliwa kimya, hangoji hata kidogo. Dakika ya kwanza ya mtoto asiyepumua si ya kufanyia majaribio, na kujua ni lini mikono itoke nyuma ni nusu nzima ya ualimu wa wodini.

Huo ni ufundi, na ni ufundi mwingine kabisa kuliko ule wa kuzalisha. Wako madaktari bingwa ambao mikono yao inategemewa katika chumba cha upasuaji lakini hawawezi kumwonyesha mtu wanachofanya, maana wamesahau kwamba kuna wakati hawakukijua. Wako pia wauguzi wasio na vyeo ambao kila aliyepita mikononi mwao hutoka amebadilika, na waliopita huwataja kwa majina hata baada ya miaka mingi. Hospitali zetu hazina cheo cha watu hawa wa pili. Saa zao za kufundisha mara nyingi haziandikwi kwenye ratiba ya zamu, na mwisho wa mwaka hakuna fomu inayouliza umemlea nani. Tumeuacha ualimu wa kazini uwe sadaka: mwenye moyo atatoa, asiye nao asidaiwe. Hapo ndipo tulipokosea. Ujuzi wa tiba hauhami kwa karatasi wala kwa semina, bali kwa mtu aliyesimama pembeni ya mwingine kazini, leo na kesho na wiki ijayo. Na kama ndivyo, kusimama huko ni kazi ya hospitali sawa na kutoa dawa.

Zamani jambo hili halikuhitaji kutetewa, kwa sababu lilikuwa linafanyika. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963, mwaka 1968 kikageuka kitivo cha tiba chini ya chuo kikuu, na hadi katikati ya miaka ya 1990 Muhimbili ilikuwa peke yake nchini katika kutoa madaktari wa shahada. Wanafunzi walikuwa wachache. Daktari aliyepita raundi aliwajua kwa majina, alijua nani ana haraka na nani ana woga, na sista wa wodi aliwajua zaidi yake. Raundi yenyewe ilikuwa darasa: mwanafunzi alieleza historia ya mgonjwa bila kusoma faili, akaulizwa ameona nini kabla ya kuulizwa anadhani nini. Maneno hayo mawili, kuona na kudhani, yalikuwa yakitenganishwa mchana kutwa. Leo raundi nyingi zimekuwa za kupita. Wanafunzi wanasimama safu tatu kuzunguka kitanda, wa nyuma wako kwenye simu, faili linasomwa kwa sauti ya chini, kundi linahamia kitanda kingine. Na mwisho wa kipindi cha vitendo ndipo utaona logibuku, daftari za kazi walizofanya wanafunzi, zimepangwa juu ya meza ya muuguzi zikisubiri saini za kazi ambazo anayesaini hakuzishuhudia. Saini ya namna hiyo ni uongo mdogo, lakini anayekuja kuulipia ni mgonjwa.

Atakayesema haya ni manung'uniko ya wapenda ya kale, ushahidi upo hapahapa nchini, mkoani Manyara. Mwaka 2010 Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iliwafundisha wahudumu wake, kwa siku moja, namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: kumkausha, kumchangamsha, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Mafunzo yalikuwa mazuri na mdoli wa mazoezi ulikuwa mzuri. Watafiti walipowapima wahudumu miezi kadhaa baadaye, kwenye mdoli walikuwa wamepiga hatua kubwa. Kisha wakatazama kinachotendeka chumba cha kujifungulia, kwa watoto wenyewe, na hawakuona maendeleo. Ujuzi ulikuwa umebaki kwenye mdoli. Hospitali haikukata tamaa wala haikuandaa semina kubwa zaidi. Ilibadili utaratibu: mazoezi ya dakika tatu hadi tano, kila wiki, palepale wodini, pamoja na marudio ya dakika 40 kila mwezi, chini ya wenzao waliokuwa kazini nao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mdoli ulikuwa uleule na wahudumu ni walewale wa hospitali ile. Kilichogeuka ni mahali, marudio na mtu wa kusimamia.

Mpango wa Safer Births uliofuata, katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ulijengwa juu ya wazo hilohilo, kwamba mhudumu wa palepale ndiye anayeongoza mazoezi ya wenzake. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku zinazofuatia vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Mpango huo ulileta na vifaa vipya, hivyo si haki kuyapa mazoezi peke yake sifa zote. Lakini tunavyo vifaa vingi nchini ambavyo havijawahi kuokoa mtu kwa sababu hakuna aliyebaki kumwonyesha mwenzake. Chukua patografu, chati ya kufuatilia mwendo wa uchungu. Ilipewa sura yake ya kutumika mwaka 1972 na watafiti Philpott na Castle, huko Rhodesia ya wakati huo, ikiwa na mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, kusudi mkunga wa kliniki ya mbali ajue mapema ni mama yupi wa kupelekwa hospitali kubwa. Ni karatasi yenye busara ndani yake. Hata hivyo wachambuzi wa tafiti zake hawakupata ushahidi wa wazi kwamba kuitumia kwa kawaida kunaboresha matokeo ya uzazi, na anayezijua leba zetu anajua sababu mojawapo: karatasi hujazwa mama akishajifungua, nukta zikapangwa kwenye mstari mzuri ulionyooka ili faili lionekane limekamilika. Anayejaza hivyo alifundishwa kuichora. Hakufundishwa kuisoma saa nane za usiku na kusema, mstari umevukwa, tupige simu.

Wapo watakaosema kwamba walimu hao wa zamani ninaowasifu walikuwa wakali, na kweli walikuwa. Mwanafunzi alitahayarishwa mbele ya mgonjwa, akaitwa majina, akatolewa wodini. Wengine waliacha kazi, na wengine walijifunza kulipiza kwa waliowafuata, hata ukatili ukadhaniwa kuwa ndiyo malezi. Sioni sababu ya kuutetea. Ukali ule haukuwa sehemu ya ufundi, ulikuwa uchafu uliougandamia ufundi, na hasara yake inaonekana kwa urahisi: mwanafunzi mwenye hofu hasemi "sijasikia mapigo", husema "140", namba salama ambayo haitamletea swali, na mtoto aliyechoka akaandikwa mzima. Mwalimu anayetaka kweli lazima aifanye kweli isiwe na adhabu. Lakini kuna kosa la upande wa pili ambalo halitajwi sana. Katika kuukimbia ukali tumekimbia na kudai. Siku hizi wako wasimamizi wasiomfokea mwanafunzi kwa sababu hawamwangalii hata kidogo, na mwanafunzi hulishukuru jambo hilo bila kujua kwamba ameibiwa.

Pingamizi zito zaidi ni la idadi. Muuguzi mmoja ana wodi iliyojaa, akina mama wawili wanakaribia kujifungua kwa wakati mmoja, na vyuo vitatu vimeleta wanafunzi wiki hiyohiyo. Asimame pembeni ya nani, saa ngapi? Hili halijibiwi kwa kumhimiza awe na moyo. Vyuo vimeongezeka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na hilo ni jema kwa nchi yenye upungufu wa wahudumu, lakini kila kiti kilichoongezwa darasani kilidai nafasi wodini, na nafasi hiyo haikujengwa. Hata hivyo Haydom haikuwa hospitali yenye wahudumu wa kumwaga. Ilichotoa ni dakika tano kwa wiki, marudio ya dakika 40 kwa mwezi, na mtu aliyepewa jukumu hilo waziwazi. Tofauti ya sadaka na kazi iko hapo: sadaka hungoja nafasi ipatikane, kazi hutengewa nafasi. Tunaona fahari kumtoa muuguzi wodini siku tatu akahudhurie warsha hotelini, wenzake wakabeba zamu yake, na akirudi na cheti na posho hakuna anayemuuliza atamrithisha nani alichokipata. Siku hizo tatu zingekatwa vipande vya dakika tano, zingetosha kwa miaka kadhaa.

Na haki ya mgonjwa je, ambaye hakuja hospitali kuwa somo la mtu? Ni swali la haki, na jibu lake liko katika ile hatua ya kwanza ambayo mkunga mzoefu haiachi: msalimie, mweleze, mwombe. Mama aliyeombwa anaweza kukataa, na mwanafunzi anayeona mama akikataa na mwalimu akiheshimu amefundishwa jambo ambalo hakuna mtihani unaolipima. Mgonjwa hadhulumiwi kwa kufundishiwa pembeni ya mtu anayejua. Anayedhulumiwa ni yule atakayehudumiwa miaka miwili baadaye na mtu ambaye saini zote anazo na mkono wake haujawahi kuongozwa.

Mafundi wenyewe wanaondoka kwa kalenda. Serikali iliona busara kuwaongezea maprofesa na madaktari bingwa muda wa utumishi hadi miaka 65. Muuguzi mkunga huaga akitimiza 60, katika sherehe ya wodi, kwa khanga na keki na hotuba za kumshukuru kwa watoto aliowapokea, na sikio lake bado zima. Katika wilaya nyingi mtu huyo anaishi mwendo mfupi kutoka hospitali aliyoitumikia. Kumwita mara moja kwa wiki asimame leba pamoja na wanafunzi, mikono nyuma, kungegharimu nauli na posho isiyofika ya siku moja ya warsha. Sijaona kifungu cha bajeti kinachomtaja, wala sijasikia mganga mfawidhi akiulizwa kwa nini hajamwita.