Hiace ya Kigali na Mafundi Wake

Hiace ni gari dogo la mizigo ambalo Toyota ilianza kuliuza nchini Japani mwaka 1967. Umbo lake halikuwa geni. Ford Econoline ya Marekani, iliyoingia sokoni kama toleo la mwaka 1961, ilikuwa imeshamketisha dereva juu ya ekseli ya mbele, injini ikiwa karibu naye, ili nyuma yote ibaki wazi kwa bidhaa. Toyota ilifuata mpangilio huo, na ikatengeneza gari ambalo fundi huweza kulifungua na kulifunga kwa spana chache. Kwa Afrika Mashariki, sifa hiyo ya pili ilizidi ya kwanza.

Kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 1989, na cha tano cha mwaka 2004 vilizoeleka sana Kigali, na huko gari la mizigo likawa la watu. Wakazi huliita twegerane. Lina viti 18, watu wanne wanne kwa safu, na viti vya kukunja vinavyoziba njia ya katikati mara abiria wa nyuma wakishaketi. Anayetaka kushuka huwanyanyua wenzake.

Rwanda, tofauti na Uganda, Tanzania na Kenya, magari hupita upande wa kulia. Hiace iliyotengenezwa kwa barabara za Japani ina usukani kulia na mlango wa kusukuma kushoto, na ingemshusha abiria katikati ya barabara. Kwa hiyo zilizofaa Kigali ni zile za masoko ya usukani wa kushoto, kama nchi za Ghuba. Gari la mizigo likitakiwa kubeba abiria, fundi bodi hukata bati la ubavuni kwa ajili ya madirisha, hufunga mpira na kioo, kisha huchomelea fremu za viti kwenye sakafu. Kazi hiyo huonekana nyepesi mpaka mvua za Aprili zifike. Dirisha lililokatwa vibaya huvuja, na kiti kilichochomelewa juujuu hung'oka siku dereva anapofunga breki za ghafla.

Vilima ndivyo mtihani mkubwa zaidi. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini za dizeli za lita 2.4 na 2.8 zisizo na tabo hupata hewa pungufu katika mwinuko huo. Bado zilitakiwa kupanda kutoka bondeni Nyabugogo hadi katikati ya mji au Nyamirambo, gari likiwa limejaa. Joto lilipanda nalo, na udhaifu wa injini hizi unajulikana kwa kila fundi: zikichemka, silinda hedi hupasuka. Dereva aijuaye kazi yake hupanda kwa gia ndogo akiuangalia mshale wa joto, na hushuka kwa gia ndogo vilevile ili breki zisiungue.

Jina la ufundi wa magari lilikaa Gatsata kwa miaka mingi, jirani na Nyabugogo, kwenye maduka ya spea na gereji. Huko kazi ya injini ya Hiace huanza kwa kuinua kiti, kwa kuwa injini imo chini ya viti vya mbele. Gari likiishiwa dizeli njiani, hewa huingia kwenye mabomba, na injini haiwaki hata kama betri ni mpya. Fundi hubonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka aisikie imekuwa ngumu chini ya kiganja. Kisha hulegeza nati za mabomba yaendayo kwenye nozeli, na mwenzake hupiga stata. Kwanza hutoka povu, halafu dizeli safi isiyo na kiputo. Hapo hukaza nati moja baada ya nyingine, na silinda huitikia moja moja hadi mngurumo utimie. Huo ni ujuzi kamili, na haufai kuitwa ubabaishaji wa mtaani.

Ufundi huu una wenyewe. Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Waislamu wa Kigali, ilitoa madereva na makanika wengi. Kiswahili kilikuwa kinasemwa gerejini zamani sana, kabla Bunge la Rwanda halijakipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017.

Mwaka 2013 mamlaka ya udhibiti, RURA, iliyakabidhi maeneo ya Kigali kwa kampuni chache za usafiri, na njia kuu zikaachiwa Coaster na mabasi makubwa. Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki, kwani twegerane iliwabana watu, na mji uliokua ulihitaji magari makubwa. Lakini ujuzi uliozaliwa katika vile viti 18 haupaswi kuondoka pamoja navyo. Vyuo vya ufundi vya Rwanda viwaite wazee wa gereji wakae na wanafunzi mbele ya injini iliyofunguliwa, na maarifa yao yaandikwe kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili wangali hai.